Seti ya Pateni za Mavazi ya 1774 kwa Mwanasesere wa Inchi 18: Tathmini ya Mshonaji

Pateni nyingi, yaani michoro ya karatasi ya kukatia vitambaa, za mavazi ya kihistoria ya wanasesere huanza na gauni na kuishia kwenye gauni. Mshonaji hukata kipande cha kifua, huweka marinda kwenye sketi, hubandika velcro (utepe wa kunasana) mgongoni, huongeza lesi mikononi, na kazi hiyo huitwa vazi la zama za makoloni ya Marekani kwa sababu tu sketi ni ndefu na kofia ni nyeupe. Seti ninayoitathmini hapa imefuata njia nyingine, na ndiyo maana nimeona inastahili maelezo marefu. Inaanza na shimizi, kisha korseti (vazi gumu la kamba linaloshika kiwiliwili), kisha mfuko wa kiunoni na petikoti, na gauni halikatwi mpaka vyote hivyo viwe mwilini mwa mwanasesere, kwa sababu gauni hupimwa juu yake. Huo ndio utaratibu uliofuatwa na mafundi wa kike wa karne ya 18, na kwa maoni yangu ndio unaotenganisha vazi la kihistoria na vazi la maigizo.

Seti inauzwa kama faili la kuchapisha nyumbani. Sitaji jina la aliyeitengeneza, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza si ndogo na yeye ni mtu mmoja anayefanya kazi peke yake. Vipimo ni vya wanasesere wa inchi 18, yaani takriban sentimita 46, wenye kichwa, mikono na miguu ya vinaili na kiwiliwili cha kitambaa kilichojazwa nyuzi laini. Hao ni wa aina ya Felicity Merriman, mwanasesere aliyetolewa na kampuni ya Marekani ya Pleasant Company mwaka 1991 akiwakilisha msichana wa mji wa Williamsburg, katika koloni la Virginia, mwaka 1774, na wengi wanaotafuta pateni za namna hii bado wanamshonea yeye. Vipimo vyote viko katika inchi, nafasi ya mshono ni robo inchi, na ukurasa wa kwanza una mraba wa kupimia ambao lazima upimwe kwa rula baada ya kuchapisha. Ushauri huo usipuuzwe. Printa ikipunguza ukubwa wa ukurasa hata kidogo, gauni la mtu mzima huenda likavumilia, lakini kwenye kifua cha mwanasesere chenye mzunguko wa kama sentimita 28 upungufu wa milimita chache tayari ni nguo isiyofunga.

Shimizi imekatwa kwa usahihi wa kupendeza. Vipande vyote ni vya mraba, mstatili au pembetatu, bila mviringo wowote isipokuwa shingoni: mwili mmoja mrefu unaopita mabegani bila mshono, mikono miwili, vikwapa viwili (vipande vidogo vya mraba vya kwapani), na taharizi mbili za kupanua upindo. Aliyewahi kushona kanzu atavitambua vipande hivi mara moja. Sababu ya ukataji huo ni kwamba kitani kilifumwa kwa mkono na kiligharimu fedha nyingi kuliko kazi ya kukishona, kwa hiyo kilikatwa bila kuacha makombo, na pembetatu iliyotolewa juu iligeuzwa ikaongezwa chini. Mtengenezaji ameeleza jambo hili kwa mistari michache, na nimefurahi kwamba hakulazimisha kwapa la kisasa lenye mviringo kwa kisingizio cha kurahisisha. Kikwapa cha mwanasesere ni kipande cha upande wa sentimita mbili na nusu hivi, na kukiingiza kwenye pembe bila kukunja kitambaa kunahitaji mkono uliotulia. Naona ni vyema kukipiga bandi kwanza pande zote nne, kisha kukishona kwa sindano ya mkono, kwa sababu mguu wa cherehani hauwezi kugeuka katika pembe ndogo kiasi hicho bila kuburuza kitambaa.

Kuhusu cherehani, maelekezo yana msimamo ninaoukubali. Hati ya uvumbuzi ya cherehani ya Mmarekani Elias Howe ni ya mwaka 1846, kwa hiyo hakuna vazi la 1774 lililopitia kwenye mashine. Hata hivyo seti haimkatazi mtu kuitumia. Inasema mishono mirefu ya ndani ipite kwenye cherehani na kila mshono unaoonekana nje ushonwe kwa mkono: mapindo, matundu, marinda ya mgongoni, na ukingo wa shingo. Jicho la mtazamaji huenda kwenye pindo kabla ya kwenda mahali pengine popote, na pindo la mashine lenye mstari mgumu ulionyooka huliondoa gauni katika karne yake hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Korseti ndiyo kiini cha seti nzima. Katika makoloni ya Uingereza huko Amerika Kaskazini, wanawake wa tabaka mbalimbali walivaa korseti kama nguo ya kila siku, na wasichana wa familia zenye uwezo walianza kuvalishwa wangali wadogo sana. Kazi yake haikuwa kukikaba kiuno kama ilivyokuja kuonekana katika karne ya 19, bali kuunyoosha mwili uwe na umbo la pia iliyosimama kichwa chini: kifua kipana, kiuno chembamba kiasi, na sehemu ya mbele iliyonyooka kabisa bila bonde wala mkunjo. Sasa tazama kiwiliwili cha mwanasesere wa inchi 18. Hakina kiuno cha kutajwa, tumbo limejitokeza kidogo, na kujazwa kwake ni kwa kulegea. Gauni likivalishwa moja kwa moja juu ya mwili huo, kitambaa hujikunja mbele, marinda ya nyuma huanguka ovyo, na hakuna ufundi wa ukataji utakaoliokoa. Korseti ikitangulia, nyuzi za ndani husukumwa juu na chini, mbele hunyooka kama ubao, na kiuno huonekana pale ambapo hakikuwapo.

Seti inapendekeza korseti ya tabaka mbili za kitani kilichofumwa kwa kubana, iliyogawanywa kwa mistari ya mshono kuwa mifereji myembamba, na ndani ya kila mfereji ukapitishwa ukanda wa plastiki wa aina inayotumika kufungia nyaya, ukiwa umekatwa na ncha zake kuviringishwa kwa moto au kwa tupa. Korseti halisi ziliimarishwa kwa vipande vinavyotokana na kinywa cha nyangumi, au kwa mafunjo kwa wasio na uwezo. Plastiki hiyo ni mbadala mzuri kwa sababu hupinda kwa namna inayofanana na vipande hivyo bila kuvunjika, na huweza kuoshwa. Wapo wanaotumia karatasi ngumu au kitambaa cha gundi cha kuimarishia kola, lakini vyote viwili hulegea baada ya muda, na korseti iliyolegea ni kazi ya bure.

Hapa pia ndipo pana maelezo bora kuliko yote katika faili zima, nayo yanahusu matundu ya kamba. Korseti ya karne ya 18 haikufungwa kwa kamba mbili zinazokatizana. Ilifungwa kwa kamba moja inayopanda kwa kuzunguka, na kwa sababu hiyo matundu ya upande mmoja hayakabiliani na ya upande wa pili, bali yako juu kidogo, isipokuwa jozi ya mwanzo. Pateni imeyapanga hivyo hivyo. Tundu hutobolewa kwa msumari mwembamba wa fundi ambao husukuma nyuzi kando bila kuzikata, halafu ukingo wake huzungushiwa uzi wa kitani uliopakwa nta, mshono kwa mshono, mpaka liwe duara gumu lenye upana wa milimita tatu. Pete za chuma za kugongwa hazikuwapo mpaka karne ya 19. Kazi hii ni ya polepole na inachosha macho, lakini korseti ikikamilika na kamba ikavutwa, mwanasesere hubadilika mkononi: anasimama wima zaidi, na mabega yanaonekana kurudi nyuma.

Baadhi ya washonaji husema kwamba nguo za ndani zisizoonekana ni kazi ya kupoteza kwa mwanasesere. Jibu lake liko katika makumbusho. Wanasesere wa mbao wanaojulikana kama Lord na Lady Clapham, waliotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1690 na sasa wakihifadhiwa Victoria and Albert Museum mjini London, walivalishwa mpaka nguo za ndani, na ni kwa sababu hiyo wataalamu wa mavazi wanawategemea. Karne iliyofuata, wanasesere waliovishwa mitindo mipya walikuwa wakisafirishwa kutoka Ulaya hadi makoloni ili mafundi na wateja wao waone namna nguo zinavyokaa mwilini. Mtu anayemshonea mwanasesere leo kuanzia shimizi anafanya kazi ambayo wenyewe wa zama zile waliiona kuwa ya maana.

Petikoti haina matatizo. Ni vipande viwili vya mstatili vilivyounganishwa pembeni, juu pakaachwa nafasi ya mkono kupenya, na kila kipande kikawekwa marinda kwenye ukanda wake wenye kamba: cha nyuma hufungwa mbele, cha mbele hufungwa nyuma. Nafasi hizo za pembeni zipo ili mkono uufikie mfuko, ambao haukushonwa kwenye nguo bali ulining'inizwa kiunoni kwa utepe chini ya petikoti. Mfuko wa mwanasesere, wenye umbo la tone na mpasuko wa wima katikati, ni kipande kidogo kinachofaa sana kudariziwa kwa nyuzi za sufu au hariri, na kwa mtu anayeanza kushona kwa mkono ningesema aanze nao kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa gauni. Ni lile ambalo Wafaransa waliliita robe à l'anglaise, yaani la mtindo wa Kiingereza, ambalo marinda yake ya mgongoni yameshonewa chini mpaka kiunoni ili lishike mwili, tofauti na lile la Kifaransa ambalo marinda yake huanguka huru kutoka mabegani hadi sakafuni. Pateni hii imefanya jambo ambalo nyingine hulikwepa: kipande cha kati cha mgongo hakikatwi kiunoni. Ni kitambaa kimoja kinachoanza shingoni na kuishia kwenye pindo. Kwanza hushonwa bitana ya kitani inayoshika mwili juu ya korseti, kisha kitambaa cha nje hulazwa juu yake, kikakunjwa marinda mawili kila upande wa mshono wa kati, yakazidi kusogeleana yanaposhuka kiunoni, na yakashonewa kwenye bitana kwa mishono midogo inayoonekana. Chini ya kiuno marinda hayo hufunguka yenyewe kuwa sketi. Vipande vya sketi vya pembeni huongezwa baadaye, navyo hukunjwa marinda madogo madogo yanayoelekea nyuma.

Nimekaa muda mrefu kwenye hatua hii kwa sababu ndiyo inayotoa umbo lote. Kila rinda lina tabaka tatu za kitambaa, na manne yakikutana kiunoni kwenye upana usiozidi sentimita tatu, unene unakuwa mkubwa. Pamba ya kushonea matandiko ya viraka, ambayo ndiyo rahisi kupatikana kwa maua madogo, huwa nene mno hapo. Marinda husimama badala ya kulala, na pasi haiyashindi. Kwa pamba nyembamba ya blauzi, kitani cha leso au hariri nyepesi isiyoteleza, yanalala vizuri na mstari wa mgongo unakuwa mkali. Seti inataja kwamba kitambaa kiwe chepesi, lakini haisemi kwa nini, wala haimwonyi mnunuzi kwamba uchaguzi mbaya hapa utaharibu kazi yote. Hiyo ni kasoro ya kwanza kubwa.

Kasoro ya pili ni mikono. Mikono ya gauni la miaka ya 1770 inafika kwenye kiwiko na ina namna yake ya kuingizwa. Nusu ya chini, upande wa kwapa, hushonwa kwenye mwili wa gauni kwa mshono wa kawaida kutokea ndani. Nusu ya juu huachwa wazi, ikalazwa juu ya bitana ya bega, ikakunjwa marinda madogo mpaka ikae sawa, na mwisho kipande cha bega cha kitambaa cha nje hulazwa juu yake na kushonwa kwa nje ili kuficha ukingo mbichi. Kwa anayejua, ni njia rahisi kuliko ya kisasa, kwa sababu hakuna mviringo wa bega wa kubembeleza. Kwa asiyejua, haieleweki bila picha. Maelekezo yana aya moja fupi na mchoro mmoja ambao haujaonyesha upande upi ni wa ndani. Mshonaji mzoefu wa mavazi ya watu wazima wa karne hiyo atajaza pengo. Mwingine atashona bega la kisasa na kushangaa kwa nini gauni linavuta mgongoni.

Tena mkono wenyewe ni mwembamba kupita kiasi. Mkono wa vinaili wa mwanasesere huyu haupindi kwenye kiwiko, vidole vyake vimetanuka, na chini ya gauni tayari kuna mkono wa shimizi. Mtengenezaji ameupima mkono mtupu. Ningeshauri kila atakayenunua aongeze milimita sita kwenye upana wa mkono kabla ya kukata, akizigawa pande zote mbili za mshono, na anapovalisha aufunike mkono wa mwanasesere kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kitambaa kiteleze bila kunasa kwenye vidole. Bila nyongeza hiyo, shimizi hukusanyika kwapani na kuivuruga kazi nzuri iliyofanywa mgongoni.

Mbele, gauni hufunga kwa kulabu ndogo na vitanzi vya uzi vilivyofichwa chini ya ukingo. Wanawake wa zama hizo walitumia pini zilizonyooka, na si jambo la kumwachia mtoto anayecheza, kwa hiyo kulabu ni suluhisho la busara. Velcro, uvumbuzi wa Mswisi George de Mestral wa karne ya 20, haimo kabisa katika seti, na siilalamikii hatua hiyo, maana hunasa kitani na nywele za mwanasesere na huongeza unene mahali pasipotakiwa.

Kuna hoja moja ya kihistoria ambayo mtengenezaji ameielewa kuliko washindani wake. Wapenzi wa usahihi hulaumu nguo zote za wanasesere zinazofunguka mgongoni, wakisema gauni la karne ya 18 hufunguka mbele. Ni kweli kwa mwanamke mzima. Lakini mwanasesere wa aina hii anawakilisha msichana wa miaka tisa au kumi, na nguo za wasichana wa umri huo mara nyingi zilifungwa nyuma, kwa kamba au kwa pini. Kwa sababu hiyo seti ina gauni la pili, la kitoto, lililokatwa mbele kipande kimoja bila ufunguzi, likifungwa mgongoni kwa kamba inayopita kwenye matundu, na likivaliwa na mkanda mpana wa hariri. Ndilo rahisi kuvalisha, ndilo lenye mishono michache, na ndilo sahihi zaidi kwa umri wa mhusika. Ningetamani lingewekwa mwanzoni mwa faili badala ya mwishoni, ambako mnunuzi asiye na subira hatalifikia.

Ukurasa wa vitambaa ni dhaifu kuliko ukurasa mwingine wowote. Unataja pamba iliyochapwa maua, kitani, sufu na hariri, basi. Haugusi suala la ukubwa wa maua, ilhali mwanasesere huyu ni kama theluthi ya urefu wa msichana halisi, kwa hiyo ua la sentimita tatu juu yake linaonekana kama ua la sentimita tisa kwenye nguo ya mtu. Haugusi rangi pia. Kabla ya mwaka 1856, mkemia Mwingereza William Perkin alipopata rangi ya zambarau ya maabara, vitambaa vilitiwa rangi za mimea, wadudu na madini: buluu ya nili, ambayo ilikuwa zao kubwa la koloni la South Carolina baada ya majaribio ya kilimo ya binti mmoja wa huko, Eliza Lucas, katika miaka ya 1740, wekundu wa mizizi, manjano ya majani, kahawia ya maganda ya tunda la jozi (walnut). Waridi kali la kung'aa au zambarau ya plastiki huifanya nguo ionekane ya leo hata kabla mtu hajatazama mshono.

Vilevile ukurasa huo ungeweza kumpa mshonaji sababu ya kuchagua. Pamba za India zilizochapwa mashina ya maua yanayotambaa juu ya ardhi nyeupe zilipigwa marufuku kuvaliwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1721, lakini ziliendelea kusafirishwa kwenda makoloni, na kwa hiyo binti wa Virginia aliweza kuvaa kitambaa ambacho kwa miongo kadhaa binti wa London hakuruhusiwa. Kwa upande mwingine, watu wa makoloni walipogomea bidhaa za Uingereza kwa sababu ya kodi, kitambaa kilichofumwa nyumbani kiligeuka kuwa alama ya msimamo. Mnamo Desemba 1769 wanawake wa Williamsburg walihudhuria dansi wakiwa wamevaa magauni ya kitambaa hicho, na kuanzia tarehe 1 Desemba 1774 makubaliano ya Kongamano la Kwanza la Bara, mkutano wa wawakilishi wa makoloni, yalisimamisha uingizaji wa bidhaa kutoka Uingereza. Anayemshonea mwanasesere wa 1774 ana haki kamili ya kuchagua hariri ya mistari au kitani kigumu kisichotiwa rangi, na kila kimoja kinamweka mwanasesere upande tofauti wa mgogoro ule.

Onyo moja la vitendo halimo kabisa, na linapaswa kuwa kwa herufi kubwa: vitambaa vyekundu, vya buluu nzito na vyeusi huacha madoa kwenye vinaili, na madoa hayo hayatoki kwa sabuni. Kitambaa chochote cha rangi nzito kifuliwe mara kadhaa mpaka maji yawe safi, kisha kilazwe kikiwa na unyevu juu ya kitambaa cheupe usiku kucha. Kikiacha alama hata kidogo, kisitumike karibu na ngozi ya mwanasesere. Shimizi ya kitani nyeupe husaidia kuukinga mwili, na hiyo ni faida nyingine ya kuanza na nguo za ndani.

Vipande vilivyobaki navitaja kwa ufupi. Joho jekundu la sufu ni zuri sana, hasa kofia yake iliyokunjwa marinda yanayotawanyika kutoka nukta moja kisogoni, na mtengenezaji amekumbuka kwamba sufu iliyogandamizwa vizuri haihitaji pindo, kwani ukingo wake uliokatwa haufumuki. Kofia ya kitani na mtandio wa shingoni ni sahihi. Kizibao cha mvulana kinakaa vizuri, lakini koti lake lina mkunjo mbaya mgongoni, na suruali ya magotini imepewa nafasi ndogo mno nyuma, ilhali suruali halisi za karne hiyo zilikuwa na kitambaa kingi nyuma ili mtu aweze kukaa na kupanda farasi.

Jambo linalonikera zaidi si la kiufundi. Seti inajiita mavazi ya Williamsburg, na zaidi ya nusu ya wakazi wa mji huo katika miaka ya 1770 walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani na vizazi vyao. Hakuna hata kipande kimoja kilichokusudiwa kuwaonyesha. Haiwezekani kudai kwamba taarifa hazipo. Matangazo ya kuwatafuta watu waliotoroka, yaliyochapwa katika gazeti la Virginia Gazette, yanaeleza nguo zao moja moja: shati la kitani kigumu cha osnaburg, petikoti ya sufu nzito isiyotiwa rangi, koti lenye vifungo vya aina fulani, na mara nyingine gauni la pamba ya maua ambalo mwenye kutangaza analitaja kama alama ya utambulisho. South Carolina ilifika hadi kuorodhesha katika sheria yake ya mwaka 1740 vitambaa ambavyo watumwa wasivuke thamani yake, vikiwemo osnaburg, kitani cha buluu na kitani cha mirabaraba. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka mmoja baada ya uasi wa watumwa wa Stono, katika koloni hilo hilo. Anayemvalisha mwanasesere mweusi wa zama hizo anastahili pateni iliyofanyiwa utafiti wa kiwango kile kile kilichopewa gauni la hariri, naye katika seti hii hakuwekewa chochote.

Kwa bahati njema, kipande kinachokosekana kinaweza kupatikana kutoka ndani ya seti yenyewe, na nitaeleza namna ya kukipata kwa kuwa ni vazi lililovaliwa na wanawake wengi wanaofanya kazi, walio huru na wasio huru. Ni koti fupi la kazi linalofika nyongani, lililokatwa mwili na mikono kwa pamoja kama herufi T. Chukua pateni ya shimizi, ikunje urefu wake kwenye nyonga, upasue mbele kuanzia shingoni hadi chini, na uongeze sentimita moja na nusu kila upande wa mpasuko ili zipandane. Mikono ichorwe moja kwa moja kutoka kwenye mwili, ikifika chini kidogo ya kiwiko ili iweze kukunjwa juu, nayo taharizi ziwekwe pembeni kuanzia kiunoni ili koti litanuke juu ya petikoti. Mgongoni weka rinda moja la kina katikati, ulishonee kutoka shingoni hadi kiunoni pekee. Koti hili halina bitana wala kulabu: hukunjwa mbele, upande mmoja juu ya mwingine, na hushikwa na kamba ya aproni. Kitani kigumu chenye miraba midogo ya buluu na nyeupe, kilichofuliwa mpaka kikalainika, kinalifaa kuliko kitambaa kingine chochote, na mapindo yake yote yashonwe kwa mkono kwa uzi usiotiwa rangi.